Barza Isiyozibika

Sisi watu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, hatujui kazi ya ukuta. Kuta tunazo, lakini tunazitumia kuegemea tukiongea na jirani. Nyumba zetu zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa migodi, zikabanwa bega kwa bega, na mbele ya kila moja pakawekwa barza. Mzungu aliyezichora nafikiri aliona barza ni kibaraza tu cha sementi cha kuvulia viatu. Kwetu barza ndiyo nyumba yenyewe. Ndani tunalala. Kuchambua majani ya sombe, kusukana, kupokea posa, kugombana na kupatanishwa, yote hufanyika barzani, na yangu imekaa karibu na barabara kiasi kwamba mpita njia anaweza kunisalimia na kunusa mchuzi wangu bila kupunguza mwendo.

Sikuwahi kulalamika. Mimi mwenyewe nimewatazama watu kutoka kwenye kiti changu miaka na miaka, na kama shule zingetoa diploma ya kutazama wapita njia, ningekuwa profesa. Nilijua nani kanunua viatu vipya na nani kaazima. Kwa hiyo ninaposimulia jinsi nilivyohangaika kuyazuia macho ya wengine, mtu wa mtaani kwetu ana haki ya kucheka, na wamecheka kweli, hawakuningojea nimalize.

Mambo yalianza mume wangu alipougua. Alikuwa dereva wa treni za mizigo, za kwenda Sakania kule mpakani, na kila akirudi alikuwa na kitu cha mtu mfukoni: sabuni ya huyu, dawa ya yule, salamu za shangazi wa fulani. Alipostaafu, kiti chake barzani kikawa ofisi. Asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anaketi, anangoja kusalimiwa. Usipomsalimia anakuita jina lako la ubatizo, lote, mpaka mwisho wa barabara. Alikuwa na majivuno, bwana yule, na nilimpenda hivyo hivyo.

Kisha Jumapili moja, tukijiandaa kwenda misa, upande wake wa kuume ulikataa kuamka. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Alirudi nyumbani hai, namshukuru Mungu, lakini mdomo ulikuwa umeenda pembeni, ulimi mzito, mkono unatetemeka, na bukari, ugali wetu, ikitoka sahanini haifiki yote mdomoni.

Nilimkalisha barzani palepale alipozoea. Yesu na Maria! Kamalondo nzima ilipata safari siku ile, na safari zote zilipitia kwangu. Kila mtu alikuja na "pole, Papa," na kila pole ilikuwa na dawa yake. Mmoja alileta mizizi. Mwingine alikuwa na mafuta ya mnyama ambaye hakutaka kumtaja. Bwana mmoja wa kanisa la uamsho alimshika mume wangu kichwa bila hata kuomba ruhusa, akaanza kumkemea pepo, na mume wangu, Mkatoliki wa kuzaliwa, akawa anamkodolea jicho lile moja lenye nguvu. Halafu akapita mama mmoja na beseni lake, akasimama, akamwambia mwenzake kwa sauti ya sokoni, "Mawee! Njo yeye huyu? Ule mwenye alikuwaka mukali?" Ati ndiye huyu aliyekuwa mkali, kana kwamba masikio nayo yalikuwa yamepooza.

Kesho yake, wakati anakula, tonge lilimdondokea shatini. Wasichana wa shule walikuwa wanapita, na mmoja akacheka. Labda alicheka mambo yake mwenyewe, siwezi kumsingizia. Lakini mume wangu aliweka kijiko chini, akafuta mdomo kwa mkono mzima, akaniambia, "Mama, niingizishe mu nyumba."

Hakutoka tena. Chumba chetu kina dirisha dogo na malata ya bati juu, hakuna dari, na ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Lubumbashi mtu anaiva bila mkaa. Daktari alikuwa ameniambia wazi: akae kitako, apate hewa, aongee na watu, atembee hata hatua chache. Akifungiwa chumbani, atazimika. Nami nikamwona anazimika. Aliacha kunyoa. Aliacha kuniuliza nani kapita. Akawa anageukia ukuta kutwa, na nikimsemesha ananijibu kwa bega. Hospitali sikuogopa vile. Pale nyumbani niliogopa mpaka nikawa nashindwa kumeza chakula changu, na mimi si mtu wa kushindwa chakula. Nikaapa kwamba bwana yangu atarudi barzani, na kama yanayomfukuza ni macho, basi hayo macho nitayaziba.

Nikaenda Karavia, mtaa wa wenye pesa, kujifunza. Binti ya dada yangu mkubwa anakaa kule, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na juu ya chupa kuna waya, na juu ya waya sijui kama wamemweka malaika. Unagonga mpaka kidole kinauma. Mbwa anakujibu kwanza, halafu sentineli wa kulinda lango, ambaye anakuuliza kama una rendez-vous, miadi ya kuonana. Mimi, niliyemfunga nepi mwenye nyumba! Nyuma ya nyumba kulikuwa na terasi iliyozungushiwa mianzi, mapazia meupe, maua yanayopanda, na kimya cha kukufanya ujisikie unahema. "Mama mudogo," akaniambia yule binti, "kujificha kidogo njo afya." Kisha alitoa simu, na mchana wote akanionyesha picha za majirani zake: harusi yao, mbwa wao, supu yao. Watu wamejenga ukuta wasionane, halafu wananunua megabaiti waonane. Lakini mianzi ile niliipenda, siwezi kukataa, na nilirudi Kamalondo nikiwa na mipango.

Mianzi sikuipata, kwa hiyo nilianza na nilichokuwa nacho. Nilitoa vitenge viwili kwenye sanduku, vya harusi ya binti yetu, nikavitundika mbele ya barza. Kabla ya jua kupanda vizuri, mama mmoja aliniuliza bei. Wa pili alivuta ncha ya kitambaa, akaifikicha kwa vidole, akanitangazia kwamba hii si waksi ya kweli. Fundi cherehani wa kona akaja na utepe wake shingoni kuniuliza kama natafuta mshonaji.

Halafu akaja jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Huyu ni mama anayekaanga mikate na kuiuza barzani kwake, na barza yake inaitazama yangu uso kwa uso. Ni rafiki yangu na ni adui yangu, inategemea siku. Hakupiga hodi. Alifunua kitenge, akaingiza kichwa peke yake, mwili ukabaki barabarani.

"Mama, mbona munajifungia? Munakula nyama?"

Maana kwetu hakuna sababu nyingine. Mtu akifunga mlango mchana, ama amepata nyama ama amepata urithi. Kufika jioni habari zilikuwa zimekwisha pikwa: tumelipwa haki zote za reli tulizokuwa tunadai, tumenunua mbuzi, tunamla polepole nyuma ya pazia. Kwa wiki nzima ndugu ambao sikuwaona tangu Pasaka waliingia saa ya chakula, wakakaa, wakatazama sufuria. Nikavishusha vitenge vyangu.

Nikapanda maboga. Nilifunga kamba kutoka chini mpaka kwenye malata, na mboga ikapanda vizuri ajabu, majani mapana, mabichi, ukuta hasa. Nilisahau kwamba niko kati ya watu wanaokula majani ya maboga. "Mama, nitoshe mbili tatu?" waliniomba wachume, na wakati wanaomba mkono ulikuwa umeshajaa. Mama wa mikate alichuma kwa wajukuu wake wote. Ukuta wangu ulikuwa unaliwa kuanzia chini, kimo cha mkono wa mtu, na juu pakabaki majani machache ambayo hayakumficha hata kuku.

Mume wangu aliyasikia yote hayo kutoka kitandani. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu. Sasa alivuta shuka mpaka masikioni, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Mama," yule jirani aliniambia siku moja, akifunga majani yangu kwa kamba yangu, "bakubwa balisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Fichua mikate yako kwanza," nikamjibu, "inaungua!"

Na kweli ilikuwa inaungua. Alikimbia, na mimi nikabaki na hasira yangu. Basi, nikasema, hapa hapahitaji pazia wala mboga. Panahitaji fundi.

Fundi mwenyewe alikuja Jumamosi asubuhi. Mpango ulikuwa mzuri, hata leo nautetea. Fremu ya mbao kuzunguka barza, juu na ubavuni tufunge bashi, ile turubai ya buluu, na mbele tusuke matawi ya michikichi, mabichi, yapitishe hewa na kuzuia macho. Ingetoka kama terasi ya Karavia, tena yenye harufu nzuri. Fundi alisimamisha nguzo, akafunga bashi. Akataka barza iwe tupu, kwa hiyo nilitoa viti vyote nje, vyetu na vile vya plastiki vya chama chetu cha akina mama ambavyo mimi ndiye ninayevitunza, nikavipanga kwenye lupango kwa mistari, maana ua wetu ni mdogo na ovyo ovyo visingeenea. Mwenye mkokoteni akaleta matawi. Viti vikamzuia kuingia. "Egemesha hapo mlangoni," nikamwambia, "kidogo huku, kidogo huku." Akaegemeza pande zote mbili za lango.

Misumari ikaisha. Fundi akasema kama ni hivyo yeye anakwenda kula. Vumbi la mbao lilikuwa limeniingia machoni, nikajifunga kitambaa kichwani, nikatoka mbio kwenda sokoni huku najifuta machozi na ncha ya kitenge. Mama wa mikate aliniita. Nikampungia mkono bila kugeuka, maana nilijua ataniuliza najenga nini, na sikutaka kumpa utamu huo.

Sokoni nilikawia. Kununua misumari ni kazi ndogo, lakini niliwakuta watu, na mtu huwezi kuwapita watu.

Narudi, nafika kona yetu, nasikia kilio. Si cha mtu mmoja. Ni kile cha akina mama wengi, kinachopanda na kushuka, na kwaya ya parokia ikitafuta sauti katikati. Wanawake walikuwa wananipita wakikimbia na mikeka kwapani. Nikasema moyoni, maskini, nani tena? Nikashusha kitenge kiunoni, nikakifunga vizuri kama inavyotakiwa, nikaweka uso wa msiba, nikawafuata. Nikawafuata mpaka kwangu.

Hapa inabidi nieleze kwa anayesoma akiwa mbali. Kwetu mtu akifa, habandikiwi tangazo. Familia inafunga bashi, inatoa viti nje, inaegemeza matawi ya mchikichi langoni. Ukiyaona hayo, unavua kiatu, unaingia, unalia. Huulizi aliyekufa ni nani. Kuuliza ni aibu kubwa, kwa sababu jirani mwema alipaswa kujua. Basi wa kwanza aliona matawi akaingia analia. Wa pili alimwona wa kwanza. Wa tatu akakumbuka kwamba nyumba hii ina mgonjwa ambaye haonekani, na mkewe alitoka mbio akijifuta machozi. Hakuna aliyeuliza. Kamalondo nzima ilikuwa na adabu siku ile.

Sasa mnicheke mimi. Matawi yale niliyanunua mwenyewe. Nilionyesha kwa kidole changu yaegemezwe wapi. Lakini niliposimama langoni sikuona matawi yangu ya kusukia ukuta. Niliona kile ambacho macho yangu yamefundishwa kuona tangu utotoni. Nikaona bashi, nikaona viti, nikaona akina mama wameketi chini miguu wameinyoosha, wamevua vitambaa. Bwana yangu amekufa, na mimi nilikuwa sokoni napiga hadithi!

"Mawee! Bwana yangu! Uniache na nani?"

Misumari iliruka huku na huku. Nilijitupa chini. Wakanidaka, wakanimwagia maji, na hata wale waliokuwa na mashaka kidogo, wakiona mwenye nyumba mwenyewe anagaagaa, mashaka yakawaisha, wakalia upya kwa nguvu. Nilimwita kwa majina yote. Nilimlaumu kwa kuondoka bila kunyoa ndevu. Nililia kweli, jamani, kwa tumbo, machozi ya miezi yote ile ambayo nilikuwa nayameza jikoni. Kisha nikajichomoa mikononi mwao, nikakimbilia chumbani.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, sikio dirishani.

"Mama," akaniuliza kwa ulimi wake mzito, "nani alikufwa?"

Nikamshika uso. Nikamshika masikio. Nikamshika lile shavu lililolegea, lilikuwa la moto na lina jasho.

"Weye," nikamwambia.

Akajipapasa kifua.

"Saa ngapi?"

Nilicheka na kulia mahali pamoja, mpaka nikajiuma kitambaa nisisikike nje. Nikageuka niende kuwaambia watu waondoke. Akanishika mkono, kwa mkono ule ule unaotetemeka.

"Ngoja. Nisikie."

Basi tukaketi wote wawili kitandani, marehemu na mjane wake, tukasikiliza kilio. Kulikuwa na mengi ya kufurahisha. Bwana mmoja ambaye yeye na mume wangu waligombana miaka mingi kwa sababu ya mtaro wa maji machafu alikuwa anasema kwamba amepoteza ndugu. Yule mkemea pepo alikuwa anaeleza kwamba yeye alimwombea akapona kabisa, kifo hiki ni kingine. Kwaya ilianza juu mno, ikakwama, ikaanza tena. Mume wangu akatikisa kichwa, "Kila mara vile vile," na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

Halafu tukasikia sauti ya mama wa mikate, chini kabisa ya dirisha letu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamsimulia mwanamke mwingine, anavuta kamasi.

"Mutoto yangu alikuwa mugonjwa ya kufwa. Dawa haiko hapa. Njo yeye aliileta toka Sakania, mu treni, aliifunga mu kitambala yake. Ule mutoto njo anafundishaka sasa ku masomo. Na miye, kila siku nasema tu pole, Papa, pole, Papa. Sikumuambia ata siku moja asante."

Mume wangu alitazama sakafu. Jicho zima lilijaa, na lile bovu nalo. Sikumfuta. Nilikuwa nayafuta ya kwangu.

Angeweza kubaki pale, nafikiri, akasikiliza mpaka akatosheka. Lakini ikafika sauti nyingine, ya kikohozi cha mtu mkubwa. Mdogo wake. Shemeji yangu huyu anakaa mtaa mwingine, si mbali, na tangu ugonjwa uanze alikuja mara moja, akanywa bia aliyoikuta, akasema ana haraka. Kwenye kilio alifika kabla ya mapadri. Nilichungulia: suti nyeusi, tai nyeusi, amekaa kiti cha katikati, tayari ana kamati.

"Bon," alikuwa anasema, "mambo ya familia. Nyumba iko ya familia. Mujane, kisha maziko, atarudia kwabo. Frigo, miye nitaibeba leo leo, juu ya beizi. Mu kilio beizi banakuyaka mingi."

Wazee wawili walikubali kwamba wezi wa friji ni wengi kweli.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshainuka niende kumwonyesha mjane anavyofanana. Mume wangu akasema, "Mama. Shati."

Nikatoa lile la kola, la pasi. Nikakosea vifungo, kola ikapanda upande mmoja. Hakujali. Alishika fimbo, akasimama, akanikataza nisimshike. Kutoka kitandani mpaka mlango wa mbele si mbali, lakini tulikwenda kama wanaobeba meza nzito. Nilimsikia anahema. Akasukuma mlango, akatoka barzani, chini ya bashi lake mwenyewe.

Nimeona ghasia maishani, lakini ile ilikuwa nyingine. Kwaya ilinyamaza katikati ya neno. Halafu mtu akapiga yowe, na viti vyote vikaanguka. Mama wa mikate alikimbia na mkeka akiwa bado ameukalia nusu. Mwimbaji wa sauti nzito wa kwaya, baba mwenye tumbo lake, aliruka ukuta wa jirani bila kugusa, na mkemea pepo akamfuata, wala hakukemea kitu. Shemeji peke yake hakukimbia. Si ushujaa, miguu ilikataa. Alibaki kwenye kiti chake cha katikati, mdomo wazi, tai imemgeukia mgongoni.

Mume wangu alimkaribia. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, na watu wote waliobaki, na waliochungulia juu ya ukuta, walikuwa wanayaona.

"Mudogo yangu," akasema. Ilimchukua muda. Neno lilikuwa linakwama, analivuta, na mara hii hakuna aliyemmalizia. "Tangu niligonjwa... ulikuwa wapi?"

"Yaya, kaka yangu, mi... nilikuwa natafuta njia ya kukuya..."

"Frigo iko mu nyumba. Enda, uisalimie."

Kicheko kilianzia juu ya ukuta, kwa yule sauti nzito, kikashuka barabarani kote. Watu wakarudi, mmoja mmoja, wakimgusa mume wangu begani kuhakikisha. Wengine walinigeukia mimi kwa hasira kwamba nimewapotezea machozi. Lakini sufuria za kilio zilikuwa zimeshawekwa motoni, na chakula cha kilio hakirudishwi nyumbani, kwa hiyo ikabidi kilike. Shemeji aliketi palepale na tai yake. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempisha apite, nayo ilikuwa adhabu tosha.

Mume wangu aliomba sahani. Akamega bukari mbele ya watu wote, mkono ukatetemeka, nusu ya tonge ikaanguka kwenye lile shati la kola. Nikainuka haraka nisimame kati yake na barabara, kama nilivyozoea. Mama wa mikate akanipita, akachuchumaa mbele yake. Nilijua atasema pole, na nikajiandaa kumfukuza.

"Papa," akamuuliza, "bukari iko aje?"

"Iko na mabonge. Nani alipika?"

"Miye."

"Njo maana."

Hata yeye alicheka, huku anajifuta macho na ncha ya kitenge. Akakaa. Na mume wangu, ambaye kwa wiki nyingi alinijibu kwa bega, akamuuliza habari za yule mtoto wa dawa, anafundisha wapi, ameoa kwa nani, na akaongea naye mpaka bukari ikaisha, nyingine mdomoni, nyingine kifuani.

Walipoondoka wote, jua lilikuwa bado halijazama. Fundi alirudi kutoka kula kwake, akashangaa viti vimeanguka, akaniuliza misumari iko wapi. Nikaiokota mavumbini mmoja mmoja. Nikapanda kiti mwenyewe, nikashika bashi la ubavuni tulifunge sawasawa, maana nilifikiri, leo wamecheka, kesho wataanza tena kutazama.

"Mama," mume wangu akaniita kutoka kwenye kiti chake. "Acha."

"Papa, kesho watapita wote hapa. Utakula, watakuona."

Alitazama barabara. Kuna mama alikuwa anapita na beseni, akapunguza mwendo, akamkodolea macho bila haya yoyote, na mume wangu naye akamkodolea.

"Balikwisha kunililia," akasema. "Nitabaficha nini tena?"

Nikaliachia bashi la ubavuni lianguke. Nikashuka kwenye kiti, nikakivuta karibu na chake, nikakaa.